Stadi mbili zilizonikatikia kwenye hedi

Gari lilianza kulia asubuhi. Ukiliwasha likiwa baridi, upande wa eksozi unasikika mlio wa tik-tik-tik kama cherehani, kisha injini ikipata moto mlio unafifia na wewe unasahau. Nilisahau hivyo miezi kadhaa. Kumbe ni moshi unapenya kwenye gasketi ya manifoldi, kile kizibo chembamba kati ya injini na bomba linalokusanya moshi wake. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba upenyo, ndiyo maana ukifika uendako gari limenyamaza kama halina kosa lolote.

Kazi yenyewe ukielezwa ni fupi: fungua nati nane, vuta manifoldi, badilisha gasketi, kaza. Nikajitengea Jumamosi moja. Zile nati nane zilinila wiki mbili.

Nati hizo hukaa kwenye stadi, vijiti vya chuma vyenye nyuzi ncha zote mbili: ncha moja imezama kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, ya pili inapokea nati. Jina zuri sana, maana siku ile ustadi ndio uliokosekana. Stadi za eksozi hupata moto na kupoa kila safari, mwaka baada ya mwaka, na maji hayakosi kuzifikia. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na ndani ya nyuzi hakuna nafasi ya kutanukia, kwa hiyo inajibana. Kibaya zaidi, hedi yangu ni ya alumini na stadi ni chuma. Metali hizo mbili zikikaa pamoja kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, inatoa unga mweupe unaoshika kama saruji.

Nilianza kwa adabu. Ijumaa jioni nilisugua nyuzi kwa brashi ya waya, nikapulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikarudia kabla ya kulala na tena alfajiri. Soketi nilichukua ya pembe sita, kwa sababu ya pembe kumi na mbili hushika nati kwenye ncha tu, na ikiteleza mara moja nati imeshakuwa duara. Nati sita zilitoka. Nilikuwa naikaza kila moja kidogo kwanza ili kutu ipasuke, halafu naifungua robo mzunguko, narudisha, naongeza mafuta, nafungua tena. Nati inayotoka hulia kriii, na ule mlio nilianza kuupenda.

Ya saba haikulia. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na nikafanya kile ambacho kila mtu hukifanya akijua kabisa hapaswi: nikachomeka paipu kwenye mpini wa spana. Nati ikazunguka. Ikazunguka kwa ulaini, bila kelele, kama unakamua nguo iliyolowa. Kwa nusu sekunde nilifurahi. Huo ulaini ndio ishara yenyewe: nati haifunguki, kijiti ndicho kinachosokotwa. Ningeachia pale pale pengine kingepona. Nilimalizia mzunguko, ikasikika tak, na soketi ikabaki mkononi ikiwa na nati na kipande cha stadi ndani yake.

Ya nane sikutumia paipu, na ilikatika vilevile. Kuna ambazo zimeshaliwa zamani, hata uzibembeleze.

Manifoldi ilipotoka nikaona hali halisi. Ya saba ilikuwa imebakiza kisiki cha urefu wa ukucha hivi, nje ya hedi. Ya nane ilikatikia ndani, chini kidogo ya uso wa alumini. Ningeanza na ile rahisi ningejifunza kitu, lakini nilianza na ngumu kwa sababu nilikuwa nimenunua kichomoa stadi na nilitamani kukitumia. Ni kipande kama msumari mnene wenye nyuzi za kinyume: unatoboa tundu katikati ya stadi, unakigongea ndani, unazungusha kushoto, chenyewe kinang'ata na kuitoa. Kwenye picha inapendeza. Ila fikiria: stadi imegandamana na hedi, nawe unaigongea kabari katikati, unaipanua izidi kubana. Na chuma cha kichomoa ni kigumu mno lakini hakipindi, kinavunjika. Changu kilivunjikia mle ndani. Biti ya kawaida ya drili haikikwaruzi hata kidogo, inateleza tu juu yake. Nilifunga zana, nikaenda kuoga.

Kesho yake nilimwita jirani yangu mmoja, mzee anayechomelea vyuma. Alitazama, akacheka kidogo kwa pua, akaniambia nichomoe betri kwanza kabla hajagusa chochote, kwa sababu umeme wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya gari. Nikafuta mafuta yote niliyokuwa nimepulizia, maana yanashika moto, na milango ya moshi kwenye hedi nikaiziba kwa vitambaa. Akavisha nati kubwa kidogo juu ya kisiki, akachomelea kwa ndani mpaka nati na kisiki vikawa kitu kimoja. Nilihofia hedi.

“Chuma hakishikani na alumini, mwanangu. Wewe shika spana.”

Tulisubiri wekundu uishe. Lile joto ndilo dawa yenyewe: kisiki kinatanuka kwa nguvu, kinapopoa kinasinyaa, na kutu iliyokuwa imeshika inapasuka. Nikatikisa kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kriii. Kikatoka chote, na nyuzi za hedi zikabaki safi.

“Huyu mwingine ni wa tindo,” akasema akikunja waya wake. “Moto haumwezi, ana chuma kigumu tumboni.”

Jioni tatu mfululizo nilikaa na tindo jembamba na nyundo ndogo, miwani usoni, nagonga kile kichomoa. Ule ugumu wake ukanisaidia: kinapasuka vipande vipande kama kioo, na vipande unavitoa kwa sumaku. Kilipokwisha, ndipo nikatoboa stadi kwa biti ndogo, kisha kubwa zaidi, na hapo nikaharibu tena. Tundu lilikwenda upande. Biti hupenda palipo laini, na alumini ni laini kuliko stadi. Robo ya nyuzi za hedi ikaliwa.

Suluhisho nililijua baadaye, na sasa ningeanza nalo. Nilirudisha manifoldi ya zamani, nikaifunga kwa zile stadi zilizobaki, nikachomeka kwenye tundu lake kijibomba kinene kinachoingia bila kucheza, na biti ikapita ndani ya kijibomba. Sasa haina pa kukimbilia. Stadi ilikuwa ya milimita 8, nikatanua tundu hadi milimita 8.3, nikachonga nyuzi mpya kwa tapu yake maalumu, nikaingiza koili ya waya, kama springi fupi, ambayo ndani yake ina nyuzi za kipimo kilekile cha zamani. Nyuzi za namna hiyo kwenye alumini huwa imara kuliko zile za mwanzo, maana stadi sasa inakaa kwenye chuma.

Stadi mpya zote nane niliziingiza kwa mkono, na kwenye nati nikapaka grisi ya shaba. Nilikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, kwa spana inayopima nguvu ya kukaza. Nikawasha. Nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine nikaipitisha kwenye gasketi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kimya. Baada ya injini kupata moto na kupoa kabisa nilipima tena, nati mbili zikakubali kuingia kidogo.

Ikabaki kurudisha bati la kinga ya joto, boliti nne ndogo za milimita 6. Ya tatu nilipoianza tu ikawa laini mkononi. Safari hii niliachia, nikaichomoa taratibu nikiwa nimeshika pumzi, nikaitupa. Bati limeshikwa na boliti tatu hadi leo, na halitikisiki.