Kumbukumbu ya mradi: mawe ya skarni (chokaa iliyogeuzwa na majimaji ya moto ya ardhini) ya Dalnegorsk, kusafisha kwa kurudi nyuma

Hatua ya kutambua imekwisha, kusafisha kunaendelea. Vipande vyote ni vya mgodi wa Nikolaevskiy, Dalnegorsk, jimbo la Primorye, mashariki kabisa mwa Urusi. Zamani mji huo uliitwa Tetyukhe, na aliyeanzisha uchimbaji ni Jules Bryner, babu yake mwigizaji Yul Brynner.

Mpangilio wa kazi unafuata jinsi mawe yenyewe yalivyojengeka. Majimaji ya moto yenye chuma, manganizi na silika yalipenya kwenye mawe ya chokaa ya Triasiki (kipindi cha kale cha kijiolojia) na kuyageuza kuwa hedenbergiti, madini ya chuma na silika, kijani iliyoiva karibu na weusi, yenye nyuzi zilizotawanyika kama miale. Majimaji yalipopoa, sfaleriti (madini ya zinki), galena (ya risasi) na pirotiti (ya chuma na salfa) zikajaza nafasi. Mwisho zikaja kwatsi, floriti na kalsiti. Madini ya fedha huyaoni kwa macho, yamejificha ndani ya galena. Kilichokuja mwisho ndicho kinachoondolewa kwanza, kwa hiyo tunaanza na kalsiti.

Kabla ya asidi yoyote, jua madini meusi yapi ni yapi. Kwaruza pembeni kwenye kigae kisichong'arishwa: sfaleriti yenye chuma nyingi hutoa unga wa kahawia, ilvaiti (madini mengine meusi ya chuma) unga mweusi, hedenbergiti unga mweupe unaoelekea kijivu. Kisu hukwaruza sfaleriti kwa urahisi, ilvaiti hukataa. Ukibaki na shaka, tia tone la asidi haidrokloriki iliyozimuliwa juu ya unga, mbali na jiwe. Sfaleriti hutoa harufu ya yai bovu. Hiyo ni gesi ya sumu, fanyia nje.

Jiwe zima usilitie kwenye asidi hiyo kamwe. Ilvaiti na datoliti (madini ya boroni) huyeyuka na kuacha utandoutando kama uji, na galena hufunikwa na kloridi ya risasi, weupe usiobanduka. Kuondoa kalsiti, siki ya kawaida ya asilimia 5 inatosha. Loweka jiwe kwenye maji safi kwanza ili nyufa zishibe maji, siki isizame ndani, kisha badilisha siki kila povu linapokwisha. Galena ikikaa humo muda mrefu hufifia, kwa hiyo toa jiwe mara kwa mara na ulitazame. Kalsiti ya Dalnegorsk mara nyingi ina manganizi na huwaka waridi chini ya taa ya urujuanimno (UV). Zima taa za chumba, upitie ufa kwa ufa kutafuta iliyobaki.

Kutu kwenye kwatsi huondoka kwa asidi oksaliki, gramu 50 kwa lita moja ya maji, ndani ya ndoo ya plastiki. Ila ikiwa kalsiti imebaki hata kidogo, oksalati ya kalisi hujitengeneza, utando mweupe usioyeyuka kwa maji wala siki. Wengi huruka hatua ya taa na kuharibu jiwe hapa. Vipande vyenye pirotiti havipiti hatua hii kabisa.

Kiasi cha galena hukisiwa kwa mizani. Mfano: jiwe la gramu 412, likining'inizwa kwa uzi ndani ya chombo cha maji kilicho juu ya mizani bila kugusa kitako, huongeza gramu 103 kwenye mizani, ambazo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Msongamano ni 412 ÷ 103, yaani 4.0. Ukichukua msongamano wa hedenbergiti kuwa 3.55 na wa galena 7.5, galena ni kama asilimia 11 ya ujazo, yaani asilimia 21 ya uzito. Sfaleriti, ambayo yenyewe ni karibu 4.0, huvuruga hesabu hii, kwa hiyo itumie tu pale isipoonekana.

Kukata ni kwa maji muda wote, maana vumbi la risasi halina mzaha. Tope lake lisimwagwe kwenye sinki.

Pirotiti ndiyo iliyobaki. Inavutwa na sumaku, na kwa unyevu wa pwani yetu inaanza kuchanika na kutoa unga wa kijivu. Itasafishwa kwa brashi kavu tu, kisha iingie kwenye kisanduku kinachofunga vizuri chenye silika jeli (punje za kunyonya unyevu), unyevu chini ya asilimia 50.