Programu ya notsi iligoma kufunguka. Siku nne zilizopotea zilikuwa kwenye faili nililodharau

Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuandika. Uliporudi, programu ya notsi kwenye kompyuta ikawa inafunguka sekunde mbili, inajifunga. Kwenye simu notsi ziliishia Jumatatu; za siku nne zilizofuata hazikuwahi kupanda mtandaoni.

Nikawasha kompyuta upya, nikasasisha programu, wapi! Nikanakili faili la hifadhidata hadi kwenye kompyuta ya mdogo wangu yenye programu hiyohiyo. Ikafunguka vizuri, ila nayo ikaishia Jumatatu. Nikaenda kunywa chai.

Kurudi, nikaikagua tena ile folda. Kando ya faili kubwa la .sqlite, lile la hifadhidata nililonakili, kulikuwa na jingine lenye jina lilelile, limeishia na -wal. Nilidhani ni takataka. Kumbe SQLite, mfumo wa hifadhidata unaotumiwa na programu ile, huweza kuandika mabadiliko mapya humo kwanza, ndipo baadaye huyahamishia faili kuu. Siku zangu nne zilikuwa mle!

Nikazima Wi-Fi kote kuwili, nikanakili folda nzima kwa flashi, mafaili yote pamoja, bila kugusa jina hata moja. Nikafungua programu kwa mdogo wangu: notsi zote hizi hapa. Kabla ya kurudisha intaneti nikazitoa kama maandishi ya kawaida, maana niliogopa nakala ya zamani ya mtandaoni isije ikazifunika. Kisha kwangu nikafuta data ya programu, nikaisakinisha upya, nikaziingiza. Simu ikazipokea jioni ileile.