Kutoka redio ya mjomba
Leo natimiza miaka kumi nikilipwa kuandika programu, na darasa la kompyuta sijawahi kukaa hata siku moja.

Nilianza na redio. Tanga, darasa la sita, nilifungua ya mjomba nijue sauti inatoka wapi. Zikafuata simu mbovu za majirani. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulipofika Dar es Salaam nilikuwa kwa dada, na nauli yangu yote ikaishia intaneti kafe nikijifunza HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za intaneti.

Ila kilichonifanya mhandisi ni duka la vitambaa Kariakoo. Nilimwandikia mama mwenye duka programu ya kuhesabu mita kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, na majora yaliyokwisha yakaonekana bado yana kipande! Siku tatu sikulala vizuri. Kumbe kompyuta huhesabu kwa 0 na 1, na 0.1 haiandikiki kamili humo, hivyo 0.1 + 0.2 huleta 0.30000000000000004. Nikageuza kila kipimo kuwa sentimita, namba nzima tupu. Hesabu zikakaa. Mama alipiga simu, "Mwanangu, leo stoo na kompyuta vinasema kitu kimoja," nikalia kwa furaha.