Nilivyoifanya Thunar itumike bila kulalamikiwa

Kompyuta za kazini kwetu zinatumia mfumo endeshi wa Linux wenye mazingira ya Xfce (yaani madirisha na menyu unazoziona kwenye skrini), na kisimamizi chake cha mafaili ni Thunar. Ni programu nyepesi, inafunguka upesi hata kwenye mashine kuukuu, lakini lalamiko lilikuwa moja kila wiki: "Faili langu limekwenda wapi?" Nilipokabidhiwa suala hilo, karibu kila mtu alinishauri niweke programu nyingine. Mimi niliomba kwanza niketi kando ya mwenzetu wa masijala, mtu mzima anayeijua kazi yake kuliko mimi, nimtazame akifanya shughuli zake.

"Sasa hapo unaandika nini?" akaniuliza.

"Kila mahali unaposita, mzee."

Hakusita ovyo. Alisita palepale kila mara, na pabaya kuliko pote palikuwa kwenye kuburuta. Aliburuta faili kwenda kwenye flashi, likanakiliwa. Akaburuta jingine kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, hili likahama. Mkono haukubadilika, matokeo yakabadilika. Thunar, kama wenzake wengi, huhamisha ndani ya diski moja na hunakili kati ya diski mbili, na haisemi lolote. Yeye alikuwa ameshakata shauri kwamba mashine "ina siku zake". Kwa kweli sikuona kwa nini alaumiwe.

Dawa yake ilikuwa kitufe cha F3. Tangu toleo la 4.18 lililotoka 2022, F3 hugawa dirisha la Thunar pande mbili, folda ya kutoka huku na ya kwenda kule. Si jambo geni, kwani Norton Commander, kisimamizi cha mafaili cha zamani, ilikuwa na pande mbili tangu 1986, nami nadhani hakuna mpangilio uliowahi kuushinda kwa kazi ya kupanga mafaili. Ukiona pande zote mbili kwa pamoja, huna haja ya kuuliza faili limekwenda wapi. Limetoweka huku au limebaki, jibu liko mbele ya macho. Nikamwonyesha pia kwamba akishikilia Ctrl anapoburuta, faili hunakiliwa, na akishikilia Shift, huhamishwa, diski iwe yoyote. Na likienda kusikotakiwa, Ctrl+Z hulirudisha. Hiyo nayo ilikuja na toleo hilohilo.

Jambo la pili lilikuwa tarehe. Safu ya tarehe iliandika "Leo" na "Jana", maneno mazuri kwa mazungumzo lakini hayamsaidii anayelinganisha barua za miezi kadhaa. Kwenye mapendeleo nikachagua mtindo wa kimataifa wa ISO, unaoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Majina ya mafaili tukayafuatisha humo humo. Ukichagua mafaili mengi na kubonyeza F2, Thunar hufungua dirisha la kubadilisha majina kwa mkupuo. Humo unaagiza tarehe ichomekwe mwanzoni, na unayaona majina mapya kando ya yale ya zamani kabla hujathibitisha. Mwaka ukitangulia, mpangilio wa alfabeti unakuwa ndio mpangilio wa wakati. Hapo mzee alicheka kwa mara ya kwanza.

Vijipicha, zile picha ndogo zinazoonyesha kilichomo ndani ya faili, nilivibakiza kwa mafaili ya kompyuta yenyewe tu. Folda za mtandao zenye video zikaacha kujikokota.

Kilichonichukua muda ni kitendo maalumu. Thunar hukuruhusu kuongeza amri yako kwenye menyu ya kubofya kulia, na kuchagua itokee kwa aina gani za mafaili. Mzee alikuwa anapeleka nakala kwenye folda ya hifadhi siku nzima, akihofia kufuta toleo la jana. Nikamtengenezea "Weka hifadhini", ambayo ndani yake ni cp, amri ya Linux ya kunakili, yenye --backup=numbered ya kutunza matoleo ya zamani kwa namba, -t na njia ya folda ya kwenda, na %F kwa mafaili yote yaliyochaguliwa. Kukiwa na faili lenye jina hilo tayari, la zamani halifutwi, bali huongezewa .~1~ mwishoni mwa jina. Jihadhari na jambo moja: Thunar huyaficha mafaili yanayoishia na alama hiyo ya wimbi. Bonyeza Ctrl+H uyaone, la sivyo utaapa kwamba hakuna kilichohifadhiwa.

Rangi na aikoni sikuzigusa, ingawa ndizo nilizoombwa zaidi. Kufungua kwa kubofya mara moja nilimjaribishia, akakataa katakata, nikakurudisha kama kulivyokuwa.

Kilichobaki ni kutafuta. Ctrl+F ya Thunar huangalia majina ya mafaili, haisomi yaliyomo, na mzee hukumbuka barua kwa maneno yake, si kwa jina. Kwa hayo tunafungua Catfish pembeni, programu ya kutafuta mafaili ambayo inaweza kutafuta hadi ndani ya maandishi. Ni dirisha la ziada na halipendi, lakini faili analipata.