Kutoka Bishkek hadi Osh, usukani ukiwa upande usiotakiwa

Bishkek na Osh ndiyo miji mikubwa ya Kirigizistani, nchi ya Asia ya Kati iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, lakini hakuna reli inayoiunganisha ndani ya nchi. Kuna ndege, na kuna barabara ya zaidi ya kilomita 600 inayokata milima. Nilichukua barabara. Nchi ambayo zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yake iko juu ya mita 1,000 haijulikani kwa kuchungulia dirisha la ndege.

Teksi za kusini huondoka zikijaa, sawa na Noah za kwetu. Yetu ilikuwa Honda Stepwgn iliyotumika Japani, usukani kulia, katika nchi ambako magari hupita kulia. Maana yake dereva akitaka kulipita lori, haoni kitu. Anayeona ni abiria wa mbele kushoto, na kiti hicho walinipa mimi mgeni. Kila tulipolifikia lori nilinyoosha shingo, nikasema kwa Kirusi changu cha chuoni, "Bado... bado... pita!" Baike, ndivyo wote tulivyomwita dereva, aliniamini kuliko nilivyojiamini.

Nyuma walikaa mama mmoja wa makamo na wajukuu zake wawili, pamoja na kijana fundi ujenzi aliyekuwa anarudi likizo kutoka Moscow. Wazazi wa wale watoto nao wako Urusi. Ni jambo la kawaida sana. Fedha zinazotumwa na walio ughaibuni ni miongoni mwa nguzo kuu za uchumi. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na Umoja wa Kiuchumi wa Ulaya na Asia unaoongozwa na Urusi, na raia wake wakaondolewa sharti la kibali cha kazi huko.

Baada ya handaki la Töö-Ashuu, juu ya mita 3,000, bonde la Suusamyr lilifunguka lote mara moja: majani, farasi, mahema meupe ya duara, na akina mama wakiuza kumis kandokando ya barabara. Haya ni maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Yanauma ulimi, yana harufu ya moshi, na bakuli la pili hunywewa kwa adabu tu. Baike alisimulia kwamba enzi za Kisovieti kondoo walijaa kila mteremko. Walikuwa takriban milioni 10. Mashamba ya pamoja yalipovunjwa miaka ya 1990, zaidi ya nusu wakayeyuka, wengi wakachinjwa au kuuzwa ili watu wapate unga.

Kilichonishika zaidi ni bwawa la Toktogul. Tulilizunguka muda mrefu, maji ya buluu upande mmoja na vibanda vya asali upande mwingine. Mto Naryn umezibwa hapa tangu miaka ya 1970, kituo chake cha umeme kilijengwa kikiwa na uwezo wa megawati 1,200, na nchi nzima hukitegemea. Ugomvi uko kwenye majira. Wakirigizi wanataka kufungulia maji wakati wa baridi ili wapate umeme wa kupasha nyumba moto. Uzbekistani na Kazakhstani, zilizo chini ya mto, zinayataka kiangazi kwa mashamba ya pamba. Moscow ilipotawala wote hesabu ilikuwa rahisi: juu hutunza maji, chini hupeleka makaa na gesi. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika 1991, makaa na gesi vikawa bidhaa ya kulipiwa, lakini maji yakaendelea kushuka bure.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye tatizo la nchi hii: mali yake hushuka mlimani kwenda kwa wengine. Maji hushuka, vijana hushuka. Hata dhahabu ya Kumtor, mgodi ulio juu kwenye barafu, iliendeshwa na kampuni ya Kanada hadi serikali ilipoutwaa mwaka 2021.

Chini ya Tash-Kömür, mji wa makaa, hewa ilibadilika ikawa joto, na Kiuzbeki kikaanza kusikika kwenye mabanda ya matikiti. Bonde la Fergana lilikatwa vipande kwa mipaka ya Kisovieti, na barabara hujipinda ili isivuke mpaka. Juni 2010 Wakirigizi na Wauzbeki walipigana Osh na Jalal-Abad; zaidi ya watu 400 wakafa. Mama alipoyagusia hayo, Baike alipunguza redio, kisha akaipandisha tena.

Tukiwa tunaingia Osh, mlima wa Sulaiman-Too ukiwa mbele yetu, mazungumzo yakahamia kwenye reli ya kutoka China kwenda Uzbekistani kupitia Kirigizistani, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Desemba 2024. Kijana alisema atabaki nyumbani iwapo watalipa kama Moscow. Baike akacheka: Wachina watakuja na mafundi wao. Mama akawakatiza wote wawili; yeye alitaka kujua kama umeme utakatika tena msimu wa baridi.