Siku moja maishani mwangu: karani wa wakili Lamu, na bibi aliyetaka kuuza karatasi ya deni

Watu wakisikia ofisi ya wakili hufikiria kesi. Hapa kwetu Lamu sehemu kubwa ya siku yangu huenda kwenye maandikiano: mashua iliyouzwa kwa awamu, kiwanja cha Wiyoni kilicholipwa nusu, mashine ya barafu iliyokopeshwa kwa ahadi. Karatasi hizo hukaa makabatini hadi siku mwenyewe anapobanwa, ndipo huniletea akiuliza kama zinauzika.

Saa mbili asubuhi nafungua mlango, nafagia, nanunua mahamri na chai kwa jirani. Kabla sijamaliza kikombe anaingia kijana na simu mkononi. Ameona kwenye intaneti kwamba Marekani kuna kampuni zinazonunua hati za madeni ya watu binafsi, na anataka kujua kama zinanunua na za Lamu. Namweleza kwamba hati zinazotafutwa sana kule ni za nyumba: mtu ameuza nyumba yake kwa awamu, na nyumba yenyewe ndiyo rehani. Mnunuzi huangalia thamani ya nyumba na historia ya mdaiwa ya kulipa, kisha hukata bei. Hati ya kijana ni ya simu aliyomkopesha rafiki yake. Tunaagana vizuri.

Saa tatu kasorobo anaingia bibi mmoja wa Langoni, karatasi yake ameifunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nataka kuiuza hii. Mtu yuko tayari, jioni ataka jawabu."

Naifungua taratibu. Baada ya mirathi kugawanywa, mashua na injini vilimwangukia yeye, akamuuzia nahodha wa Kizingitini, kisiwani Pate, kwa shilingi 1,400,000. Alipokea 500,000 mkononi, na 900,000 zikaandikwa kuwa deni la awamu 30 za shilingi 30,000 kila mwezi. Sita zimeshalipwa. Zimebaki 24, yaani shilingi 720,000. Chini kuna sahihi ya nahodha na za mashahidi wawili wanaume, kama Qur'ani inavyoelekeza katika Al-Baqara aya ya 282.

Hati yenyewe ni safi. Sheria ya Kenya inayohusu hati za ahadi ya kulipa kama hii, Sura ya 27, inataka ahadi isiyo na sharti, kwa maandishi, yenye sahihi ya anayeahidi, kiasi kinachojulikana cha fedha, na wakati unaojulikana au wakati wowote mdai atakapodai. Nimewahi kuletewa karatasi iliyoandikwa "nitalipa nikipata kamba wengi". Hiyo ina sharti, na mbele ya sheria si hati ya ahadi ya kulipa. Ya bibi imeandikwa tarehe, jina na kiasi, na baada ya jina lake yapo maneno "au yeyote ambaye yeye ataagiza alipwe". Maneno hayo ndiyo yanayoonyesha wazi kwamba inaweza kupita mkono hadi mkono.

"Huyo mnunuzi akupa ngapi, bibi?"

"Laki nne na thelathini. Pesa taslimu."

Natoa kikokotoo, na hapa natumia muda, kwa sababu hapa ndipo watu huumizwa bila kujua. Shilingi 720,000 za miaka miwili si sawa na 720,000 za leo, hilo kila mtu anakubali. Swali ni kiasi gani kikatwe. Mnunuzi akitaka faida ya asilimia 2 kwa mwezi, awamu hizo 24 zina thamani ya kama shilingi 567,400 leo. Akitaka asilimia 3, ni kama 508,000. Kwa 430,000, mnunuzi huyu anajipatia zaidi ya asilimia 4.5 kila mwezi. Namwonyesha bibi tarakimu kwenye karatasi kubwa, mstari kwa mstari. Anazitazama kwa muda mrefu.

Simlaumu yule mfanyabiashara kwa kila kitu. Anahesabu hatari, na hatari ipo. Kaskazi inakaribia kwisha. Kusi ikianza kuvuma mashua nyingi hazitoki bahari kuu, na mapato ya nahodha hupungua. Injini inaweza kuzama. Tena katika maandikiano ya bibi hakuna kilichowekwa rehani, ingawa sheria ya mwaka 2017 ya dhamana juu ya mali inayohamishika inaruhusu mali kama injini kuwekwa dhamana na kusajiliwa. Ingekuwa imesajiliwa, bei ingepanda. Kinachompandishia bibi bei sasa ni zile awamu sita zilizolipwa. Hati ambayo mdaiwa ameshaanza kuilipa huthaminiwa kuliko iliyotiwa sahihi jana.

Kisha namuuliza swali ambalo huwauliza wote: pesa ni za nini, na zatakiwa ngapi?

Binti yake anasubiri upasuaji Mombasa. Zinazohitajika ni laki tatu.

Basi kwa nini auze hati nzima? Anaweza kuuza awamu 12 za mwanzo tu, na kwa asilimia 2 zingempa kama shilingi 317,000, kisha mwaka wa pili malipo yakarudi kwake. Namtahadharisha kwamba jambo hilo halifanyiki kwa kutia sahihi mgongoni mwa hati, maana hati huhamishwa nzima au haihamishwi. Sehemu huuzwa kwa mkataba wa pembeni na mdaiwa akaarifiwa. Na akiuza nzima, sahihi yake ya mgongoni inamfunga: nahodha asipolipa, mnunuzi anaweza kumrudia yeye, isipokuwa aandike waziwazi kwamba hatarejewa. Bibi hakuwa ameambiwa hilo. Mnunuzi alimwambia atie sahihi tu.

Saa tano anauliza kwa sauti ya chini, "Na dini yasemaje, mwanangu?"

Mimi si sheikh. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wengi wanakataza deni la fedha kuuzwa kwa mtu wa tatu kwa fedha pungufu, kwa kuwa humo mna riba. Namwomba akamuulize imamu wake, ananiachia nakala, anaondoka na hati yake. Hati halisi siiweki ofisini kabla mwenyewe hajaamua.

Kati ya hapo na adhuhuri nachapa mikataba miwili ya upangaji. Anapita pia bwana mmoja mwenye hati ya marehemu baba yake, anataka kuiuza wiki hii. Hiyo ni mali ya warithi wote. Namwelekeza Mahakama ya Kadhi kwanza.

Saa nane bibi anarudi, na uso wake umebadilika. Imamu amemwambia kama nilivyosikia siku zote, akaongeza kwamba mwenye deni akimpunguzia mdaiwa wake kwa hiari, bila kuwekeana sharti, amefanya wema. Hapo namwambia lile ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii: mnunuzi wa kwanza wa kuulizwa ni mdaiwa mwenyewe. Mgeni anakata bei kwa sababu anaogopa asichokijua. Nahodha anaijua mashua yake, anajua amepata nini msimu huu, na hahitaji kujilipa kwa kujiogopa. Ajabu ni kwamba wengi humkwepa kwa haya, wakaenda kupoteza laki mbili na ushei kwa mtu wasiyemjua.

Tunampigia simu Kizingitini, sauti nje.

"Nahodha, ni mimi, mama yako wa Lamu. Nina haja."

Anamsikiliza hadi mwisho. "Mama, ungeniambia mapema. Mchezo wetu wa wavuvi, wa kuchangiana kwa zamu, umeniangukia mimi mwezi huu. Nilikuwa niongeze nyavu. Laki tatu nitakupa leo, nyavu zitangoja. Hizo ni awamu kumi, sivyo?"

Bibi ananyamaza kidogo. "Ni kumi, na moja nimekusamehe kwa radhi yangu. Hukuniomba."

Nahodha anamwombea dua ndefu, ya binti na ya marehemu.

Saa tisa fedha zinaingia kwa M-Pesa mara mbili, 250,000 kisha 50,000, kwa kuwa muamala mmoja hauvuki 250,000. Namwambia bibi asifute ujumbe.

Kinachobaki ni swali ambalo wengi hulisahau: hizo awamu 11 zinakatwa wapi? Zikihesabiwa miezi inayofuata mfululizo, bibi atakaa karibu mwaka bila shilingi. Zikikatwa mwishoni, nahodha atalipa katikati ya kusi kama kawaida, na tayari ametoa akiba yake. Tunapiga simu tena, wanazungumza wao wenyewe, mimi naandika. Wanakubaliana: miezi minne, Mei hadi Agosti, nahodha asilipe, na awamu saba zikatwe mwisho wa deni. Miezi hiyo minne, bibi anasema, mwanawe wa Mombasa atamtazama.

Saa kumi naandika juu ya hati yenyewe, kwa wino: kiasi kilichopokewa, awamu moja iliyosamehewa, awamu 13 zilizobaki, shilingi 390,000, na tarehe. Lazima iwe kwenye hati hiyo hiyo. Risiti ya pembeni hupotea, na hati ikiangukia mikononi mwa mtu asiyejua, ataisoma kama deni zima. Bibi anatia sahihi, wakili anashuhudia, napiga fotokopi tatu.

Yule mfanyabiashara anapiga simu saa kumi na moja kasoro kidogo. Bibi anamshukuru na kumwambia karatasi haiuzwi tena. Anapandisha hadi laki tano. Bibi anamshukuru mara ya pili.

Nakala ya nahodha naifunga kwenye bahasha. Itaondoka na boti ya kesho ya Kizingitini, maji yakijaa kwenye mkondo wa Mkanda, ili naye atie sahihi kwenye mpangilio mpya.