Nilivyolala na kula Salvador wakati wa kanivali (baada ya kunyang'anywa chumba)

Mi ni mtu wa Tanga naishi Dar, nauza bajia na sambusa za oda, kwa hiyo msije mkadhani nina hela za kuchezea. Hii safari ya Brazil niliiwekea kikoba miaka miwili na sababu yenyewe ni ya kijinga kidogo, niliona video ya mama mmoja mweusi kavaa gauni jeupe lililofumuka kama mwavuli, kilemba kichwani, kakaa barabarani na karai la mafuta mekundu anakaanga bajia za kunde. Nikamwambia shoga yangu, huyu mama anafanya kazi yangu halafu amevaa kama anaenda harusini, lazima nikamuone. Mji wenyewe unaitwa Salvador, uko jimbo la Bahia, na ndo ulikuwa makao makuu ya Brazil kuanzia 1549 mpaka 1763 walipohamishia Rio.

Viza nitapita haraka. Ubalozi wao upo Dar, walitaka taarifa ya benki, tiketi na mahali tutakapofikia, tukapeleka, ikatoka. Kadi ya homa ya manjano bebeni, manake hata wakati wa kurudi unaonekana unatoka nchi yenye ugonjwa huo na uwanjani kwetu wanakuuliza. Tulipitia Addis Ababa mpaka São Paulo, na hapo kuna kitu hatukuambiwa, hata kama begi limeandikiwa Salvador lazima ulichukue mwenyewe, upite nalo forodhani, ndo ulikabidhi tena kwa ndege ya ndani. Shoga yangu alishafika geti lingine begi lake bado linazunguka kwenye mkanda peke yake, tulikimbia ule uwanja kama tumeiba.

Kuna kitu kimoja kilinichekesha safari nzima. Brazil wako nyuma yetu masaa sita, na sisi Waswahili saa zetu tunahesabu tofauti ya sita na simu, kwa hiyo saa ya Kiswahili ya nyumbani ndo saa ya simu ya kule kabisa. Mama akinipigia anasema "hapa saa nne asubuhi mwanangu, ushakunywa chai?", naangalia simu yangu inasoma 4:00, giza totoro, hata majogoo hayajawika. Nilimwelezea mara tatu akaishia kusema basi si ni saa nne hiyohiyo.

Haya, chumba. Tulifika tarehe 29 Januari 2024 na nilikuwa nimebuku kwa apu chumba mtaa wa Barra, karibu na bahari, siku zote mpaka tarehe 14 Februari, yaani kanivali nzima, ile sherehe yao ya muziki na kucheza barabarani, imo ndani. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi na mimi nikajiona mjanja. Siku ya tatu mwenye nyumba (jina nalihifadhi) ananitumia ujumbe kwamba kuanzia tarehe 7 chumba "kina tatizo la maji". Maji yalikuwa yanatoka vizuri, nilikuwa naoga nilipousoma. Kumbe mwaka ule kanivali inaanza Alhamisi tarehe 8, na Barra ndo inapopita ile njia kubwa ya malori ya muziki, chumba kama kile wiki hiyo kinaenda mara tatu au nne ya bei niliyolipa mimi. Hela alirudisha, ila hela iliyorudi haikutosha kupata hata kitanda kimoja kwenye bweni la wageni, na wengi hawauzi siku mojamoja, unanunua siku tano sita kwa mkupuo.

Na kwenye kuhangaika huko nikapata aibu yangu ya kwanza. Tunatembea tunauliza uliza gesti, naona kibao kikubwa kimeandikwa QUITANDA, na wanatamka vilevile, kitanda! Nikamvuta mwenzangu mkono, hapa wanakodisha vitanda mpaka jina wameandika, nikaingia mbio mbio, ndani nyanya, bamia, ndizi mbivu na mwanaume mmoja anapima vitunguu. Quitanda kwao ni genge la mbogamboga, neno lilitoka Angola na watu waliopelekwa utumwani. Tukanunua ndizi ili tusionekane vichaa.

Aliyetuokoa ni mama muuza nazi wa kunywa pale ufukweni, tulikuwa tunanunua kwake kila jioni. Nikamwandikia kwenye simu kwa tafsiri shida yetu, akacheka, akasema wenyeji wengi kanivali wanakodisha nyumba zao wanaondoka mji, ila ana shangazi yake juu huko Santo Antônio Além do Carmo, hapendi kuondoka na hapendi kukaa peke yake. Mtaa huo uko juu kilimani, ukitembea kidogo unaingia Pelourinho, ule mji wa zamani wenye nyumba za rangirangi na mawe chini. Tukapanda lifti ya Lacerda kutoka mji wa chini (ipo tangu 1873, inakupandisha mita 72 kabla hujamaliza kusalimia), tukaburuta mabegi kwenye yale mawe mpaka gurudumu moja likang'oka. Bibi mwenyewe tulimwita Dona tu, kama vile sisi tunavosema Bi mkubwa, na yeye alituita "minha filha", mwanangu, kuanzia mlangoni. Bei ilikuwa juu kidogo ya ile ya Barra, na chai ya asubuhi ndani. Ushauri wangu kwa hapo, kama hutaki kelele kaa juu huku, kanivali ya Pelourinho ni ya matarumbeta, ngoma na watoto waliovaa vinyago, malori ya spika hayapandi. Ukitaka yale malori unashuka Barra au Campo Grande halafu unarudi kulala kama mtu.

Chai ya asubuhi ya Dona sitaisahau. Muhogo wa kuchemsha, ndizi mzuzu za kuchemsha, viazi vitamu, na kitu wanaita cuscuz, unga wa mahindi umepikwa kwa mvuke juu yake nazi. Mwenzangu akauliza kwa Kiswahili, tumepanda ndege tatu kuja kula muhogo? Halafu ikaletwa juisi ya mabibo. Kwetu bibo likitajwa watu wanawaza uraka, ile pombe, kule wanakunywa watoto wanapoenda shule. Na mkorosho asili yake ni huko huko kwao, Wareno ndo walituletea sisi, muhogo na mahindi vilevile vilitoka huko Amerika, kwa hiyo ukiniuliza nani alikuwa anakula chakula cha nani pale mezani siwezi kukujibu. Na hiyo meza pia wanaita "mesa".

Kwa sisi tusiokula nguruwe lazima uwe macho. Kila siku kule ni wali maharage, raha kabisa, ila maharage mengi yanapikwa na vipande vya nguruwe au soseji vimezama chini huvioni. Sentensi ya kwanza niliyokariri ni "tem porco?", na nilikuwa nauliza hata kwenye keki. Ponea yangu ilikuwa moqueca, samaki au kamba wanaochemka kwenye chungu na tui la nazi, nyanya, vitunguu, pilipili hoho, na mafuta ya dendê, ambayo ni mawese, mawese yale yale ya Kigoma. Zile sehemu wanazokupimia sahani kwa kilo pia ni nzuri, unachagua mwenyewe unachokiona.

Sasa bajia. Inaitwa acarajé, na wale akinamama wanaitwa baiana, kazi yao serikali imeisajili kama urithi wa taifa tangu 2005. Nilikaa pembeni ya mmoja karibu saa nzima naangalia mikono. Kunde zimeshamenywa maganda, zimesagwa na kitunguu na chumvi, basi, ila anazipiga kwa mwiko mkubwa wa mbao mpaka unga unajaa hewa unakuwa mweupe kama povu la sabuni, mkono haupumziki. Mafuta ni mawese matupu na katikati anadumbukiza kitunguu kizima, kinaelea pale muda wote, nikauliza cha nini, akasema kinazuia mafuta yasiungue. Mimi miaka yote hii nabadilisha mafuta! Anachota kwa kijiko, anateremsha, inageuka dhahabu, halafu nyekundu. Akimaliza anaipasua katikati kama mkate, anajaza vatapá (uji mzito wa mkate, nazi, karanga, korosho na kamba wakavu), caruru ambayo ni bamia, kachumbari, na dagaa kamba juu. Kabla hajakupa anauliza "quente?", yaani ya moto. Mi nikaona swali gani hili, nani anakula bajia ya baridi, nikaitikia kwa kichwa mara mbili. Moto kwao ni pilipili. Nililia mbele za watu, yule mama akanipa maji ya nazi bure huku kashika mbavu.

Tarehe 2 Februari ilikuwa kabla hatujahama Barra, ikaangukia Ijumaa, na Ijumaa Salvador watu wengi wanavaa nyeupe kwa sababu za dini yao ya Candomblé. Nimetoka na baibui langu jeupe nikajikuta niko sare na mji mzima. Siku hiyo ni ya Iemanjá, malkia wa bahari, wavuvi wa mtaa wa Rio Vermelho, hapohapo Salvador, ndo wenye shughuli. Tulitembea kwa miguu kupita Ondina maana barabara hazipitiki, na mtaa mzima unanukia marashi. Watu wamepanga foleni na maua, sabuni, vioo, chupa za pafyumu, vinawekwa kwenye vikapu vikubwa, alasiri boti zinaondoka navyo kwenda kuvimwaga kina kirefu. Dini yangu hainiruhusu kutoa, nilikaa ukutani naangalia tu, ila nilimkumbuka bibi yangu akisimulia watu wa zamani waliopeleka halua na marashi ya waridi kwenye mizimu ya pwani. Mzee mmoja aliniuliza mbona sina ua, nikamwambia mi mgeni, akanipa lake nimshikie.

Kanivali yenyewe ukweli nilienda siku mbili. Kuna watu wananunua fulana inaitwa abadá ndo wanaingia ndani ya kamba kufuata lori, na kuna sisi wa nje ya kamba, bure, wanatuita "pipoca", bisi, kwa vile tunavorukaruka. Simu niliacha kwa Dona, hela kidogo kwenye mkanda chini ya nguo, kadi moja. Hela kule kila mtu analipa kwa Pix, kama M-Pesa tu, ila inataka namba ya kodi ya mwenyeji na akaunti ya kwao, sisi hatukuwa nazo, bahati nzuri hata muuza maji ana mashine ya kugusisha kadi. Jumapili nikawaona Filhos de Gandhy, chama kilichoanzishwa na makuli wa bandari 1949, wanaume kwa maelfu, nyeupe tupu, vilemba vya taulo, shanga za bluu na nyeupe, wanapita taratibu na ngoma zao huku wanarushia watu marashi. Kwa mbali ungesema zafa ya maulidi. Kwa karibu mmoja ananyoosha shanga anaomba busu, nikamwambia kaka hapana, akanipa shanga hivo hivo akaenda kwa mwingine.

Nikienda tena nitaenda mwisho wa Januari, nile, nione tarehe 2, nitoke kabla bei hazijapanda, maana kanivali unalipa mara tatu kwa kulala ambako hulali.

Dar nimeshajaribu ile ya kitunguu. Nilinunua mawese Kariakoo, nikapiga kunde zangu mpaka bega likauma, zikatoka nyekundu vizuri. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi akachukua tano, baada ya dakika kumi karudi na mfuko, anauliza kwa upole, dada, leo zimeungua?